Mafua ya Wageni na Mapenzi ya Mungu

Baridi ya Arusha huanza kujitangaza mwishoni mwa Mei, masika yakiaga, na ikifika Julai imeshaingia mpaka kwenye magodoro. Upande wetu wa Meru, kuanzia Akheri na Poli kupanda Nkoaranga, ukungu unaweza kukaa kwenye migomba hadi saa tano za asubuhi, na watu hushinda na masweta, mashuka ya Kimasai na mafua. Niliuguza wodi ya wanaume tangu usichana wangu hadi nilipostaafu, katika hospitali ambayo sitaitaja, na miezi hiyo mitatu, Juni, Julai na Agosti, ndiyo niliyoiogopa. Sikuogopa ajali za bodaboda. Hizo hazina msimu. Niliogopa wageni.

Najua muuguzi akisema hivyo anaonekana mtu wa roho mbaya. Kumtazama mgonjwa ni ibada. Mkristo anaijua sura ya ishirini na tano ya Mathayo, pale mataifa yanapogawanywa kulia na kushoto, na mojawapo ya mambo yanayoulizwa ni nani alikwenda kumwona mgonjwa na nani hakwenda. Mwislamu amefundishwa kwamba kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya mwenzake. Wazee wetu wa Kimeru nao walikuwa wakipeleka maziwa na ndizi kwa mgonjwa kabla mmisionari yeyote hajapanda mlima huu. Kwa hiyo sibishani na kutembelea wagonjwa. Nina swali lingine, nalo limenikaa muda mrefu: mtu akifa kwa nimonia iliyotokana na mafua aliyoletewa na mtu aliyekuja kumwombea, tunaruhusiwa kusema ni mapenzi ya Mungu?

Chukua mzee mmoja wa huku juu. Alikuwa amevuka miaka sabini, mkulima wa kahawa na ndizi, mwenye meno yake yote na maneno mengi. Aliteleza kwenye ukingo wa mfereji alfajiri, zamu yake ya maji, akavunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Upasuaji wa namna ile haukuwezekana kwetu, na safari ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, wanawe walikuwa bado wanaichangia. Basi akalazwa chali, mguu ukavutwa kwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, na kazi yake ikawa kungoja. Daktari alimsikiliza kifua mbele yangu, mimi nikaandika kwenye faili: mapafu safi, pande zote mbili. Alikula, alibishana kuhusu bei ya kahawa, alinitania kwamba akipona atanitolea mbuzi.

Jumapili ikaja kwaya. Walitoka moja kwa moja ibadani, sare zao safi, gitaa moja, wakakizunguka kitanda mpaka mgonjwa wa jirani ikabidi asogezwe. Aliyewaongoza alikuwa na mafua ya wazi kabisa: macho mekundu, leso imelowa mkononi, sauti inakatika katikati ya ubeti. Aliimba hivyo hivyo, na wenzake wakamsifu kwa kujitoa. Niliwaomba wapungue, wabaki wawili au watatu, na yule mwenye mafua akae barazani. Mama mmoja akanijibu kwa upole wa kukata maneno, "Sista, sisi hatukuja kutazama. Tumekuja kuhudumu." Mwimbaji akainama juu ya uso wa mzee, akamwekea mikono kichwani, akaomba kwa muda mrefu, na mzee akatokwa na machozi ya furaha. Sitaki kuyadharau machozi yale. Yalikuwa ya kweli, na huenda tangu aanguke hakuwa amepata raha kama ile.

Siku chache baadaye mzee alikuwa na mafua, na wagonjwa wa vitanda vya kulia na kushoto kwake pia. Homa, mwili kuuma, kikohozi kikavu. Ndugu wakaleta tangawizi na limau. Baada ya hapo akapata nafuu, na hii nafuu ndiyo inayowadanganya watu. Homa ilishuka, akaomba loshoro, binti yake akaileta kwenye hotipoti akala nusu. Usiku wa kuamkia siku ya pili yake nikaitwa na mgonjwa wa jirani: mzee anatetemeka, kitanda kinagonga ukuta. Homa imepanda kuliko mwanzo. Anashika ubavu wa kulia, kila akivuta pumzi anakatiza katikati, kichomi chenyewe hasa. Nilimkingia kopo akatema, kohozi likatoka na rangi ya kutu. Nikashika saa nikahesabu pumzi kwa dakika nzima, maana ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili unajidanganya: thelathini na nane. Mtu mzima aliyetulia anatakiwa awe chini ya ishirini. Tukamwinulia kichwa cha kitanda kadiri uzito wa mguu ulivyoruhusu, tukamwekea oksijeni, sindano zikaanza usiku ule ule. Hakufika mwisho wa wiki.

Kila aliyefanya kazi wodini anaujua mwendo huo wa hatua mbili. Kirusi cha mafua makali hushambulia utando wa koo na njia za hewa, kikaua vile vinyweleo vidogo ambavyo mchana na usiku husukuma makohozi na uchafu kwenda juu. Vikifa, hakuna wa kusukuma. Na kwenye pua na koo zetu, hasa za watoto, wanaishi bakteria ambao siku za kawaida hawatusumbui. Mkubwa wao anaitwa nyumokokasi, naye Pasteur kule Ufaransa na Sternberg kule Marekani walimwona mwaka mmoja, 1881, bila kuambizana. Njia ikiwa wazi, huyo hushuka mapafuni. Mafua hubomoa ua, anayeingia kula mbuzi ni mwingine. Mgonjwa aliyelala chali, ambaye hawezi kukohoa vizuri kwa sababu ya maumivu, hana hata mbwa wa kubweka.

Usidhani haya ni mambo madogo ya wodi ya mlimani. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua vipande vya mapafu vya watu 58 waliokufa kwa mafua makuu ya 1918 na 1919, vilivyokuwa vimehifadhiwa, wakavitazama upya kwa hadubini. Karibu vyote vilikuwa na alama za nimonia ya bakteria. Watu wapatao milioni 50 walikufa duniani katika gonjwa lile, na kwa sehemu kubwa kirusi kilifungua njia tu. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Fleming aliiona mwaka 1928. Kirusi chenyewe cha mafua ya binadamu hakikujulikana mpaka 1933. Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini chanzo cha mafua ni bakteria mmoja aliyetajwa na Mjerumani Pfeiffer mwaka 1892, wakamshtaki asiyehusika kwa miaka arobaini.

Gonjwa lile lilifika kwetu pia. Lilishukia Mombasa kwa meli mwezi Septemba 1918, likapanda reli, likafuata barabara za jeshi. Nchi hii ilikuwa imechoka kwa vita vya Waingereza na Wajerumani: chakula kimechukuliwa, vijana wamekamatwa kuwa wapagazi. Jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, askari wake na wapagazi waliletwa kwenye kambi Tabora, na mafua yakawapata wakiwa wamebanana na wamedhoofu. Kwa Tanganyika nzima wanahistoria hukadiria vifo kati ya 50,000 na 80,000. Makaburi ya wengi hayajulikani.

Nikifikiri juu ya wapagazi wale ndipo neno "mapenzi ya Mungu" linanikwama kooni. Mungu hakumpigia mtu yeyote ngoma ya kumkamata apelekwe kubeba risasi. Kuna majemadari walioamua, maofisa waliotia saini, majumbe waliotoa majina ya watoto wa maskini na kuwaacha wa kwao. Kirusi kiliwakuta watu ambao watu wengine walikuwa wameshawamaliza. Ukisimama leo juu ya makaburi yale ukasema Bwana ndiye aliyetwaa, umewafutia hesabu watu wengi sana.

Nirudi wodini. Mtu akifa, daktari hujaza fomu, na fomu ile ina hekima kuliko mahubiri mengi niliyosikia msibani. Mstari wa kwanza unauliza kilichomuua moja kwa moja. Wa pili: hicho kilitokana na nini? Wa tatu: na hicho kilichotangulia kilitokana na nini? Chini yake kuna nafasi ya mambo mengine yaliyochangia. Kwa mzee wangu mistari ingesomeka hivi: nimonia, iliyotokana na mafua, na pembeni nyonga iliyovunjika na kulala chali. Ingesomeka hivyo kama ingejazwa yote. Iliandikwa neno moja, nimonia, kwa sababu kipimo cha mafua hatukuwa nacho na kilichoonekana ni kifua. Mafua huua na kusahaulika ndani ya fomu kabla hayajaingia kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Tuna mazoea hayo kaskazini hii. Jirani zetu Moshi, kati ya 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia watu 870 waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Waliokuwa wameambiwa wana malaria walikuwa 528. Walipopimwa kwa makini, ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kisicho na raha. Malaria na Mungu wamebebeshwa mengi sana huku kwetu.

Mzee alizikwa nyumbani, nyuma ya nyumba, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe. Nilikwenda. Chini ya turubai mhubiri akasema kama wasemavyo wote, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na umati ukaitikia. Niliitikia nami, kwa sababu ninaamini hivyo. Kazi ya Mungu haina makosa. Nililotaka kuuliza ni kama ile ilikuwa kazi yake. Yule mwimbaji alikuwa mstari wa mbele, sauti imesharudi, na aliimba vizuri kuliko siku zote. Sikumchukia. Hakujua. Lakini kutokujua kwake kulilindwa na sentensi ile, na kutalindwa tena Julai ijayo, katika wodi nyingine, kwa mzee mwingine. Hapo ndipo shida yangu na sentensi ilipo: inafika mapema mno. Ikitangulia mbele ya maswali yote inakuwa blanketi la kufunika miguu yetu.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza hivi ni uchache wa imani. Mimi ni Mlutheri wa kubatizwa na kubarikiwa, na jina la Martin Luther liko kwenye maisha yangu tangu utotoni. Kila mtoto wa kipaimara anaujua mwaka 1517, wa Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1527 hawaambiwi. Mwaka huo tauni iliingia Wittenberg, chuo kikahamishiwa Jena, Luther akakataa kuondoka. Mke wake alikuwa mjamzito, nyumba yao ikageuka mahali pa kuuguzia watu. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemuuliza kupitia mwenzao Johann Hess kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni, naye akawajibu kwa barua ndefu iliyochapwa mwaka ule ule. Wengi hudhani alisema kaeni tu, imani itawalinda. Alisema hivi, kwa maneno yangu: mchungaji, hakimu, mtumishi, yeyote ambaye watu wanamtegemea, abaki mahali pake, jirani akinihitaji nitakwenda bila kuogopa. Lakini nitafukiza nyumba, nitatumia dawa, na mahali ambapo sihitajiki sitakwenda, nisije nikaambukizwa na kuwaambukiza wengine, nikawa sababu ya kifo chao kwa uzembe wangu. Anawakemea hata wale wanaojigamba hawaogopi chochote, na kusema hao wanamjaribu Mungu.

Kwaya ile yote ilikuwa ya Walutheri.

Mwenzangu wa zamu za usiku kwa miaka mingi alikuwa mama wa Kiislamu, asili yake Kondoa, mkazi wa Kaloleni. Nilipomsimulia barua ile, saa nane usiku, tukinywa chai chumba cha dawa, alisema kwao swali hilo lilikwisha kuulizwa zamani zaidi. Akanipa kisa cha Khalifa Omar, ambacho baadaye nilikikuta kwa masheikh pia. Omar alikuwa safarini kwenda Sham, upande wa Syria, mwaka wa kumi na nane wa Hijra, akapata habari njiani kwamba tauni imeingia huko. Akawashauri watu wake, kundi baada ya kundi, kisha akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida, sahaba mkubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akamuuliza: mwenye ngamia akikuta bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, popote atakapowachunga si kwa kadari ya Mungu? Kisha akaja mtu mwingine aliyekuwa hayupo, akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume: nchi yenye tauni usiingie, na ukiwa ndani yake usitoke kwa kuikimbia. Abu Ubaida alirudi Sham kwa watu wake na tauni ile ile ikamchukua.

Mwenzangu alinywa chai yake akaongeza, "Sasa wewe Sista umeona? Kufunga mlango ni kadari, na kufungua ni kadari. Cha kuulizwa ni mchungaji wa ngamia aliangalia bonde au hakuangalia." Sijasikia mtu wa shahada ya theolojia akilisema vizuri zaidi, na nimesikia wengi.

Upande wa pili nao una watu wenye akili. Jirani yangu ni mchungaji mstaafu, alisoma chuo cha Makumira, na tumebishana jambo hili mara nyingi juu ya ukuta wa michongoma. Hoja yake si ya kitoto. Ananiambia, "Sista, wewe unaongea kama wodi ina manesi kumi. Nani anamlisha mgonjwa? Nani anambeba kwenda chooni? Nani anakaa naye usiku akilia?" Ni kweli. Katika hospitali zetu ndugu ndiye nesi wa pili. Nimewahi kuwa na wodi nzima usiku peke yangu na msaidizi mmoja. Asubuhi uji unatoka nyumbani, saa sita unatoka nyumbani, na mgonjwa ambaye hana mtu wa kuja naye namjua kwa jinsi anavyokonda. Mgonjwa anayelala chali anatakiwa ageuzwe, akalishwe, apigwe mgongo taratibu, ahimizwe kuvuta pumzi ndefu. Hayo yote ni kinga ya nimonia, na yote nimeona yakifanywa vizuri na mabinti waliotoka shamba bila cheti chochote. Ukiiga hospitali za Ulaya ukafunga geti, utaua watu kwa njaa na upweke ili wasife kwa mafua.

Tena upweke wenyewe ni ugonjwa. Mchungaji hupenda kunikumbusha marafiki wa Ayubu, ambao walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Namjibu kwamba hizo siku saba ndizo walizokuwa na maana. Shida ilianza walipofungua kinywa. Hapo huwa anacheka na kubadili mazungumzo.

Tulipata mtihani wa jambo hili mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini alikuwa Arusha, mwezi Machi, na katika wiki chache kila mlango ulikuwa na ndoo yenye koki: hospitali, soko la Kilombero, stendi, makanisa. Mwezi wa nne taifa likatangaziwa siku tatu za maombi. Watu waliomba na kunawa, na sikuona mtu aliyeona moja linatukana jingine. Mchungaji yule yule aliyekuwa anakumbatia waumini mlangoni alipunga mkono kwa mbali, na hakuna aliyesema amepoteza Roho. Sasa ndoo zimekauka, nyingine zinapandiwa maua. Kwa hiyo nikiambiwa watu wetu hawawezi kuelewa nakataa. Waliweza.

Kuna jambo moja ambalo sitalikwepa, kwa sababu wazee wenzangu wananiuliza. Je, si kweli kwamba nimonia huwa rehema kwa baadhi ya watu? William Osler, daktari aliyefundisha kizazi kizima cha madaktari wa Kiingereza na Kimarekani, aliita nimonia rafiki wa wazee, kwa sababu inawachukua haraka na bila mateso marefu. Yeye mwenyewe alikufa nayo, Oxford, mwishoni mwa Desemba 1919, miaka sabini, baada ya ugonjwa uliomlaza kwa wiki kadhaa. Sijui kama mwishoni aliona ni rafiki. Thelathini na nane kwa dakika haifanani na urafiki.

Hata hivyo nimeuguza watu ambao kwao sindano ya tano ya antibayotiki ilikuwa kuwatesa. Saratani imekwisha kusambaa, mtu amekwisha kuaga wanawe, na sasa kifua kinajaa. Huduma ya tiba shufaa, kama ile ya hospitali ya Selian, imetufundisha huku kwetu kwamba kuna wakati wa kuondoa mirija, kutoa morfini ya kunywa, kumrudisha mtu kwake na kumwachia Mungu. Nimefanya hivyo na nimelala usingizi mzuri. Pale neno "mapenzi ya Mungu" lina uzito wake, kwa kuwa tuliangalia kwanza: tulipima, tulimuuliza mgonjwa, tulikaa na familia, tukajua bonde ni kavu pande zote mbili. Mzee wa mfereji hakuwa hivyo. Alikuwa anangojea mfupa uunge na gari la Moshi. Siku zake, kama zimeandikwa, sidhani ziliandikwa kwa makamasi ya mtu mwingine. Mwanatheolojia atasema Mungu hutumia hata hayo. Inawezekana. Lakini Mungu kuweza kutumia kosa langu hakunipi ruhusa ya kulirudia, na sioni kwa nini jambo lililo wazi hivi katika wizi na uzinzi liwe gumu katika kupiga chafya.

Kinga ipo, lakini si ya mzee yule. Tangu mwanzoni mwa 2013 watoto wetu wachanga wanachanjwa dhidi ya nyumokokasi, na kila mtoto asiyebeba bakteria huyo puani anamlinda babu yake bila kujua. Chanjo ya mafua ya kila mwaka haiko katika ratiba ya kawaida ya nchi. Ukiitaka utaitafuta na kuilipia. Kwa mgonjwa wa nyonga kule juu kilichobaki ni mlango, dirisha, maji, sabuni na akili ya anayekuja.

Ndiyo maana mwaka uliopita, Juni ilipoingia, nilikwenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu nikaomba tangazo moja lisomwe Jumapili pamoja na yale ya harusi na mnada wa mavuno. Mwenye mafua asiende wodini; atume chakula, atume salamu, apige simu, au asimame dirishani upande wa baraza, maana wodi nyingi za hospitali zetu hazina ghorofa na dirisha linafunguka. Na maombi ya kuwekea mikono yafanywe na mmoja aliye mzima, amenawa. Mzee wa kanisa alisoma karatasi yangu mara mbili. Akasema, "Sista, Julai nani hana mafua? Ukisoma hili hakuna atakayekwenda." Nikamwambia basi Julai uende uji peke yake. Akakubali kulisoma, kwa sharti liondolewe neno "makamasi".

Jioni ile mchungaji alikuwa ameshasikia. Alinisubiri penye ukuta. "Na wewe Sista," akaniuliza, "siku ukilazwa, tukuache?"

"Msiniache, Baba Mchungaji. Aje mtu mmoja, mzima, anayejua kumgeuza mgonjwa. Na gitaa libaki nyumbani."

"Na maombi?"

"Maombi njoo nayo. Nawa kwanza."

Alisema atalifikiria hilo la gitaa.